Google Scholar, Semantic Scholar, OpenAlex au Scopus: nukuu za mtafiti wa ujifunzaji wa mashine zipimwe wapi?

Desemba 2014, Diederik Kingma na Jimmy Ba waliweka kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala, makala kuhusu njia ya kufunza mitandao ya neva. Njia yenyewe waliiita Adam. Mwaka uliofuata makala hiyo iliwasilishwa kwenye kongamano la ICLR, na leo mtu anayefunza modeli kubwa ana uwezekano mkubwa wa kuwa anatumia Adam au mojawapo ya njia zilizozaliwa nayo. Google Scholar inaihesabia nukuu zaidi ya laki moja. Lakini haikutoka kwenye jarida, na kongamano lililoipokea halizipi makala zake DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala. Kanzidata iliyojengwa kwa kufuata majarida na DOI hupata taabu kuikamata kazi ya namna hii, na hata ikiikamata, huzikosa nyingi kati ya kazi zilizoinukuu.

Kwa hiyo ukiuliza "huyu amenukuliwa mara ngapi?" unapata jibu la kila kanzidata, na majibu yanaweza kuachana sana hata ukiyachukua yote asubuhi moja. Katika fani kama tiba tofauti hiyo huvumilika, maana karibu kila kitu hupita kwenye majarida. Watu wa ujifunzaji wa mashine wao huchapisha kwanza arXiv, kisha kwenye makongamano ya NeurIPS, ICML au ICLR, na jarida huja baadaye kama litakuja. Hata jarida lao linaloheshimika sana, JMLR (Journal of Machine Learning Research), lilikua kwa uasi: mwaka 2001 wahariri takriban 40 wa jarida la Machine Learning walijiuzulu wakaliunga mkono JMLR, lililokuwa likisomwa bure mtandaoni. Fani yenye historia hiyo haiwezi kupimwa kwa rula ya majarida ya kulipia halafu matokeo yakaitwa haki.

Nimeandika ulinganisho huu nikiwafikiria watu wanaolazimika kuchagua: mjumbe wa kamati ya kupandisha vyeo, mhadhiri anayejaza fomu ya ruzuku, na mwanafunzi anayetafuta msimamizi.

Google Scholar: inaona karibu kila kitu, haikagui

Ilianza Novemba 2004, na mpaka leo ndiyo inayotoa hesabu kubwa kuliko zote. Roboti zake huokota makala za majarida, za makongamano, rasimu za arXiv, tasnifu za uzamivu, vitabu na hata faili za PDF zilizowekwa kwenye seva ya chuo. Kwa mtafiti wa ujifunzaji wa mashine hilo ni jambo jema, kwa sababu huko ndiko kazi yake inakotumika. Pia, mara nyingi huitambua rasimu ya arXiv na toleo la kongamano kuwa kazi moja, ikaziweka chini ya kichwa kimoja. Ukiona jinsi wengine wanavyoshindwa na hilo, utaithamini.

Ubaya wake ni kwamba hakuna anayesimama mlangoni. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walimbuni mwandishi wa uongo, Marco Alberto Pantani-Contador, wakatengeneza nyaraka sita zisizo na maana yoyote na kuziweka kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Granada. Kila waraka ulinukuu makala 129. Google Scholar ikazihesabu zote, na nukuu 774 zikaongezeka kwa watu ambao hawakufanya lolote. Miaka miwili kabla yake, Cyril Labbé wa Ufaransa alikuwa tayari amemfikisha mtafiti asiyekuwepo, Ike Antkare, kwenye kipimo cha h, nitakachokieleza mbele, cha 94.

Siyo lazima mtu awe tapeli ili wasifu wake uharibike. Wasifu wa Google Scholar husimamiwa na mwenyewe, na akiruhusu makala ziongezwe zenyewe, siku moja anakuta amepewa kazi za mtu mwingine mwenye jina kama lake. Kuna wanaozifuta. Kuna wanaonyamaza. Mkaguzi anapaswa kushuka kwenye orodha nzima na kutazama kama makala za kilimo cha pamba zimekaaje katikati ya makala za mitandao ya neva.

Tatizo la mwisho ni la kiufundi: hakuna njia rasmi ya kuchota data zake kwa wingi. Wengi hutumia Publish or Perish, programu ya bure ya Anne-Wil Harzing iliyopo tangu 2006. Kwa mtafiti mmoja au wachache inatosha. Kwa idara nzima, Google Scholar itaanza kukuuliza kama wewe ni roboti.

Semantic Scholar: inajaribu kusoma

Hii ni kazi ya Taasisi ya Allen ya Akili Mnemba iliyoko Seattle, na ilifunguliwa mwaka 2015. Haiishii kuhesabu. Inasoma matini ya makala inayonukuu na kujaribu kutambua nukuu imekuja kwa sababu gani: kueleza usuli, kutumia mbinu, au kulinganisha matokeo. Kando ya jumla ya nukuu inatoa pia hesabu ya nukuu zenye ushawishi mkubwa, yaani zile ambazo kazi mpya imeitegemea kweli ile ya zamani.

Katika fani hii tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 2018 Reddi, Kale na Kumar waliwasilisha ICLR makala iliyoonyesha kwamba uthibitisho wa kihisabati wa Adam ulikuwa na kasoro, na kwamba kuna mifano ambayo Adam haifiki inakotakiwa kufika. Makala ilipata tuzo. Kwa mashine ya kuhesabu tu, hiyo ni nukuu moja ya Adam, sawa kabisa na ile ya mwanafunzi aliyeandika "tulitumia Adam" kwa kuwa kila mtu huandika hivyo. Hapo ndipo hesabu ya jumla inapomwangusha anayeitegemea. Nukuu nyingi za ujifunzaji wa mashine ni za desturi: programu iliyotumika, mkusanyo wa data uliopimiwa, njia ya kufunza. Scikit-learn, ambayo ni programu, na ImageNet, ambao ni mkusanyo wa picha, zimenukuliwa mno, na zinastahili, lakini maana ya nukuu zake siyo ile ya nadharia iliyobadilisha fikra za watu.

Nisiisifie kupita kiasi. Anayeamua nukuu ipi ina ushawishi ni modeli, nayo hukosea. Kurasa za waandishi nazo hutengenezwa na mashine, na majina yetu huyachanganya vibaya. Mtu aliyeandika majina matatu kwenye makala moja, mawili kwenye nyingine, na jina la babu limetangulia kwenye ya tatu, anaweza kujikuta ni watu watatu, kila mmoja na theluthi ya nukuu. Dawa ipo: kudai ukurasa wako, kuunganisha vipande, na kutumia ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, kila unapowasilisha kazi. Mjumbe wa kamati, ukiona mwombaji ana nukuu chache kuliko ulivyotarajia, tafuta kwanza hao ndugu zake wawili wa kielektroniki kabla hujaandika alama.

OpenAlex: ya kuhesabia makundi

Microsoft ilipotangaza kwamba inaufunga mkusanyo wake wa data za machapisho, Academic Graph, mwishoni mwa 2021, shirika lisilo la faida la OurResearch lilijenga OpenAlex na kuifungua Januari 2022. Data zake zote ni huru, mtu yeyote anazipakua na kuzitumia bila kuomba ruhusa. Ukitaka kujua nukuu za wahadhiri wote wa idara, zikiwa zimetenganishwa na zile ambazo mtu amejinukuu mwenyewe, kwa kila mwaka, hapa unaweza. Mwenye shaka na hesabu yako naye anaweza kuirudia akafika palepale. Kwangu mimi sifa hiyo ina uzito kuliko ukamilifu.

Ila ukamilifu ndio unaoisumbua. Inaelemea sana kwenye DOI, na kazi ileile mara nyingi huingia mara mbili au tatu: rasimu ya arXiv huku, toleo la kongamano kule, kila moja ikiwa na nukuu zake. Ukimpima mtafiti wa ujifunzaji wa mashine hapa bila kuunganisha matoleo, utamwibia. Ukiyajumlisha ovyo, utaihesabu mara mbili makala iliyonukuu yote mawili. Ni kazi ya mkono, na kwa mtu mmoja haichukui muda mrefu.

Scopus na Web of Science: ukilazimishwa na kanuni

Scopus ni kanzidata ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier na ilianza 2004. Web of Science inatokana na faharasa ya nukuu aliyoianzisha Eugene Garfield mwaka 1964, na sasa iko chini ya kampuni ya Clarivate. Zote mbili huchagua nini kiingie, na uchaguzi huo ndio wanaouuza. Takataka za Granada zisingepita humo kirahisi.

Bei ya usafi huo analipa mtafiti. Rasimu za arXiv hazichangii katika hesabu ya nukuu za Scopus. Makongamano yanaingia, lakini kwa kuchelewa, katika fani ambayo miezi minane inatosha kwa wazo kuzaliwa na kupitwa. Kwenye Web of Science makongamano yako katika faharasa ya peke yake, na maktaba isiyoilipia haiyaoni.

Athari yake inaonekana wazi katika kazi za lugha za Kiafrika. MasakhaNER, mradi wa kutambua majina ya watu na mahali katika lugha kumi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ulichapishwa mwaka 2021 katika jarida la TACL. Ina DOI, kanzidata zote zinaiona. Watu wa uchakataji wa lugha wana bahati, maana hata makala zao za makongamano hupewa DOI kupitia ACL Anthology, hifadhi ya makala za fani yao. Mwenzao wa chumba cha pili, aliyetoa makala ICLR 2023 kule Kigali, mara ya kwanza kwa kongamano hilo kufanyika Afrika, amepita kwenye chujio kali vilevile, lakini makala yake haina DOI ya kongamano. Ukiwapima wote wawili kwa Web of Science utasema wa kwanza ni bora, na utakuwa umepima utaratibu wa mchapishaji.

Kitu kimoja Scopus inakifanya vizuri: kulinganisha nukuu za makala na wastani wa dunia wa fani ileile, mwaka uleule na aina ileile ya chapisho. Makala yenye 1.00 iko sawa na wastani, yenye 3.00 imenukuliwa mara tatu ya ilivyotarajiwa. Kwa makala mojamoja iliyomo kwenye kanzidata, ni kipimo chenye akili. Tatizo ni zile ambazo hazimo.

Kuhusu kipimo cha athari cha jarida (impact factor), sina maneno mengi. Kinapima jarida, siyo mtu. Tamko la DORA, la San Francisco kuhusu kutathmini utafiti, lilishakataa kukitumia kumpima mtafiti binafsi, na kwa fani isiyotegemea majarida hakina pa kushikia.

Namba ipi sasa?

Ukishachagua kanzidata, bado hujachagua kipimo. Kinachopendwa zaidi ni cha h, alichokitunga mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtu ana h ya 20 akiwa na makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Hirsch alikuwa akiwafikiria wanafizikia, akasema h ya karibu 12 ingefaa kwa anayethibitishwa kazini katika chuo kikubwa na 18 kwa profesa kamili. Watu wakaichukua ikazagaa kila fani kana kwamba fani zote zina mwendo mmoja.

Kwa ujifunzaji wa mashine naiona h kuwa kipimo kibaya. Inamzawadia mwenye makala nyingi za wastani. Mtu mwenye makala tano, mojawapo ikiwa imenukuliwa mara elfu thelathini, h yake haiwezi kuzidi 5. Jirani yake mwenye makala arobaini zilizonukuliwa mara arobaini kila moja anapata 40. Kipimo cha g cha Leo Egghe, cha mwaka 2006, kilijaribu kuzipa uzito makala zilizonukuliwa sana, lakini kamati chache hukitazama. Kile cha i10 cha Google Scholar kinahesabu tu makala zilizofikisha nukuu kumi, na katika fani hii kumi hufikiwa mapema mno.

Halafu kuna mfumuko. Mwaka 2014 kongamano ambalo sasa linaitwa NeurIPS lilipokea makala takriban 1,700. Mwaka 2024 lilipokea zaidi ya 15,000. Kila makala inakuja na orodha ndefu ya marejeleo, kwa hiyo nukuu zinazogawanywa kila mwaka zimeongezeka kwa namna ambayo nukuu mia za 2014 na nukuu mia za 2024 ni kama shilingi mia za miaka hiyo: tarakimu ni ileile, thamani siyo. Anayemlinganisha profesa wa miaka ya tisini na kijana aliyemaliza uzamivu juzi kwa jumla ya nukuu, anazijumlisha sarafu mbili. Linganisha makala na makala za mwaka wake. Uliza iko kwenye asilimia ngapi ya juu, moja, tano au ishirini.

Muda nao unadanganya kwa upande mwingine. Makala ya Hochreiter na Schmidhuber kuhusu LSTM, aina ya mtandao wa neva, ilitoka 1997 na kwa miaka mingi ilinukuliwa kwa kiasi tu. Nukuu zake zilipaa baada ya wimbi la mitandao ya kina kuanza, yapata miaka kumi na tano baadaye. Kipimo cha miaka miwili au mitano ya mwanzo kingeitupa.

Kuhusu waandishi wenza, tahadhari ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Makala ya mwaka 2017 iliyoleta transfoma, muundo wa mtandao wa neva unaotumika katika modeli kubwa za lugha, ina waandishi wanane, na tanbihi yake inasema mchango wao ni sawa na majina yamepangwa bila mpangilio. Ripoti za modeli kubwa za kampuni zina mamia ya majina. Na katika nadharia ya ujifunzaji, wengi hupanga majina kwa alfabeti. Vipimo vinavyompa uzito mwandishi wa kwanza na wa mwisho, kama ile orodha ya asilimia 2 ya juu ya wanasayansi, ya John Ioannidis wa Stanford, inayotumia data za Scopus, vinawapunja watu wa namna hiyo. Orodha hiyo vyuo vyetu huipokea kwa vifijo kila inapotoka. Ingefaa kwanza kuangalia imehesabu nini.

Uchague nini

Kwa wasifu wako mwenyewe, weka Google Scholar, uusafishe, na useme tarehe uliyochukua hesabu. Ongeza makala mbili au tatu kutoka Semantic Scholar ukionyesha nani amezitumia na kwa nini. Sentensi isemayo kwamba mkusanyo wako wa data umetumiwa na vikundi vya watafiti katika nchi nyingine kujenga modeli zao ina nguvu kuliko h ya 14.

Kwa mkuu wa kitivo anayetaka picha ya idara, OpenAlex, kwa sharti kwamba matoleo yameunganishwa na kila mhadhiri amepewa orodha yake aikague kabla haijafika mezani.

Kwa kamati ya kupandisha vyeo, mara nyingi kanuni imeshachagua kwa niaba yenu, na imechagua Scopus. Basi itumieni, lakini wekeni Google Scholar kando yake. Pengo kati ya namba hizo mbili ni taarifa. Likiwa kubwa kwa sababu mwombaji ametoa kazi zake NeurIPS na ICLR, msimkate alama. Likiwa kubwa kwa sababu nukuu zake za Google Scholar zinatoka kwenye majarida ya kulipia uchapishwe yasiyojulikana, hapo mna swali la kumuuliza. Mwombeni achague makala zake tatu bora, mkazisome. Wajumbe hulalamika kwamba hawana muda, lakini makala tatu ni kurasa thelathini hivi.

Mwanafunzi anayetafuta msimamizi asihangaike na jumla ya nukuu hata kidogo. Profesa mwenye nukuu laki moja anaweza kuwa hana nafasi ya kukuona mara moja kwa mwezi. Fungua DBLP, orodha ya machapisho ya kompyuta iliyoanzia Trier, Ujerumani, mwaka 1993. Haihesabu nukuu, ila kutenganisha majina inajitahidi kuliko wengi. Tazama miaka mitatu ya mwisho: je, bado anachapisha, na wanafunzi wake wamekuwa waandishi wa kwanza kwenye makala ngapi? Kisha chukua majina ya wanafunzi hao wawili watatu, na uwaandikie barua pepe.